Zizi Lisilo na Mlango

Drumwhirn, karibu na Kirkintilloch
9 Juni 1957

Mwanangu mpenzi Gavin,

Pokea salamu zangu, umgawie na mkeo Doreen, na mjukuu wangu Netta umbusu lile shavu lenye kishimo. Huku tu wazima. Nikisema tu wazima nina maana mimi, mbwa wetu Moss na kondoo, kwa kuwa tangu baba yako alipotutoka nyumba hii imebaki na masikio mengi na midomo michache. Goti linaniuma mvua ikikaribia, na unajua mwenyewe kwamba mvua ya huku kazi yake ni kukaribia. Jirani yetu Jess Petrie anakusalimu, anauliza kama huko Kanada wamekufundisha kuamka mapema.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita alikuja kijana mmoja wa chuo kikuu, anaitwa Bwana Carswell, mtu wa mambo ya kale. Mkononi alikuwa na picha iliyopigwa kutoka kwenye ndege. Akaitandaza mezani, nikaona kilima chetu kizima, ukuta wa Warumi umekaa mgongoni mwake, na lile handaki mlimokuwa mkiteleza utotoni kwa sinia langu la chai. Nyuma ya ukuta, upande wetu, palikuwa na kialama cha mraba chenye tuta pande zote, kama mfuko ulioshonewa kwenye koti. Nilijua ni nini kabla hajakiwekea kidole. Ni Zizi la Bwana Mwema.

Akaniuliza kwa nini pale hapajawahi kulimwa. Nikamwambia kama nilivyoambiwa nilipoolewa hapa: kila shamba lilimwachia kona yule tusiyemtaja, na sisi tunamwita Bwana Mwema ili asikasirike. Wazee walirusha mawe juu ya tuta wakasema, hapa ni pako, hatulimi, hatuvuni, hatuingii na chuma. Mahali palipoachwa bila kuguswa ni pake, na akiwa na pake haji kwetu. Wachungaji wa kanisa walipiga marufuku zamani sana. Watu wetu wakaendelea kwenda kanisani kila Jumapili, na kona wakaiacha vilevile.

Aliandika yote bila kucheka, nikampenda. Anasema viboma vidogo kama hicho viko kadhaa kando ya ukuta na hakuna ajuaye vilikuwa vya nini. Ni vidogo mno kukaa askari, na kwa kuwekea vitu ni usumbufu mtupu. Anataka kuchimba mwezi wa Agosti. Sijamjibu. Baba yako alisema jambo lolote kubwa la shamba tukubaliane mimi na wewe, kwa hiyo neno ni lako.

Mamako


Hamilton, Ontario
23 Juni 1957

Mama yangu,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Netta ameota jino akaling'ata sikio la paka, na paka sasa anaishi juu ya kabati. Kazi kiwandani ni ileile, chuma asubuhi, chuma mchana, hata chai ina ladha ya chuma. Lile koti la kijivu ulilonishonea siku naondoka limetobolewa na cheche mpaka halivaliki tena. Usinune. Doreen amelifanya tandiko la huyo paka, na paka analiheshimu kuliko nilivyoliheshimu mimi.

Kuhusu zizi, mwache kijana achimbe. Mimi nimelala nyumba hiyo miaka yangu yote ya utoto na kitu pekee kilichonitisha ni uji wako ukipoa. Baba alipaacha pale kwa sababu babake alipaacha, na babake hivyo hivyo, hakuna aliyekaa chini kuuliza. Pengine Bwana Carswell atakuta chungu cha dhahabu, ukajengewa choo cha ndani, goti lako lipumzike.

Ila usiende kuwabebea chai kila saa kama ninavyokujua.

Mwanao


Drumwhirn
15 Septemba 1957

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, na salamu zetu kwenu wote hata kwa paka, kwa kuwa koti langu limepata wa kulithamini. Mimi sijambo. Wamechimba, na bila shaka niliwabebea chai.

Nilimwomba Bwana Carswell asiingie na chuma. Alinieleza kwa upole kwamba ardhi haichimbwi kwa kijiko cha mti. Nikaona amesema kweli. Walichuna majani kwa mistari iliyonyooka na kuyapanga pembeni kama mazulia, nikaona hata mimi nisingefanya usafi namna ile. Kisha wakashuka polepole na vijembe vidogo, wakipiga brashi, wakipima.

Hawakukuta kitu. Hapakuwa na kigae wala msumari, hakuna hata doa la majivu. Bwana Carswell alikaa juu ya tuta na kikombe changu mkononi, akasema, "Mama Gilfillan, nimechimba ukuta huu tangu nilipokuwa mwanafunzi. Askari hawa walikuwa wachafu. Kila walipokaa saa moja waliacha mifupa ya nyama na viatu vibovu. Hapa hawakuacha hata mate."

Kuna la pili. Ngome yoyote handaki lake huwa nje, adui azame humo kabla hajafika kwenye tuta. La hapa liko ndani. Wamelifuata pande zote nne na halikatiki mahali, maana yake hapakuwa na njia ya kuingia. Nilimuuliza mtu anachimbia nini handaki upande wa ndani. Akasema ukitaka kitu kisitoke. Pengine mafahali, akasema, halafu akakumbuka kwamba hakuna mlango wa kuwaingizia, akainamia chai yake.

Mimi nadhani nao walikuwa watu wa shamba kama sisi kabla ya kuvishwa kofia za vita. Walifika hapa, wakapima ukuta wao, wakakuta kona ina mwenyewe. Wakamwachia.

Wiki ya mwisho wakakata tuta lenyewe kutoka nje hadi ndani, kama unavyokata keki uone tabaka za matunda. Ndiyo kazi yao, wanasoma jinsi mabonge ya majani yaliyojenga tuta yalivyopangwa. Mkato ni mpana kiasi cha mtu kupita bila kujikunja. Wote walikuwa wanatazama udongo. Mimi nilisimama na birika nikaona jambo jingine. Lile zizi lisilo na mlango sasa lina mlango, na unatazama nyumba yetu.

Mamako


Hamilton
2 Oktoba 1957

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia. Sisi wazima, ila Doreen amejaribu kupika supu yako ya kondoo na shayiri kwa kufuata barua, na majirani waliuliza kama kuna bomba limepasuka.

Barua yako niliisomea mezani kiwandani wakati wa chakula, wenzangu wakasahau kutafuna. Una kipaji, mama. Lakini nakujua: ukikaa peke yako na upepo ule unaanza kuuwekea maneno. Hilo ni kosa langu mimi niliyekuacha, si la Warumi.

Kwa hiyo shika kiti. Nimepewa likizo. Nakuja Mwaka Mpya, peke yangu safari hii, kwa meli ya katikati ya Desemba. Nitakuwa mgeni wako wa kwanza wa mwaka kama zamani, na nywele zangu nyeusi zilizobaki za kukuletea bahati, na safari hii kipande cha makaa cha kumkabidhi mwenye nyumba sitakisahau. Chumba changu bado kipo au umekipangisha kwa Bwana Carswell?

Nina hamu na wewe mpaka nasikia aibu kuiandika.

Mwanao


Drumwhirn
3 Novemba 1957

Mwanangu, mwanangu,

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni na sufuria likaungua. Sijali. Unakuja. Nimemwambia Jess, nimemwambia tarishi Dunlop, nimemwambia Moss mara nyingi. Keki nyeusi ya Mwaka Mpya nimeshaiandaa, imelala kwenye bati lake inanyonya wiski.

Ati chumba chako kipo? Siku ulipoondoka nilifunga mlango ule na sijaruhusu mtu akanyage. Sijakifagia, sijabadili shuka. Mto bado una kile kishimo cha kichwa chako, na kikombe ulichonywea asubuhi ile kiko dirishani. Jess huniambia ninakitunza kama kaburi. Namwambia naacha kama alivyoacha mwenyewe, sitaki mkono mwingine upite juu ya mkono wake.

Watu wa chuo wameondoka. Ndani ya zizi wamefukia vizuri na kurudisha majani yao. Ule mkato wa tutani wameuacha wazi kwa sababu mkubwa wao mmoja anataka kuja kuuona majira ya kuchipua. Wameufunika kwa turubai na kulikandamiza kwa mawe. Nilimwomba Bwana Carswell auzibe, akaahidi kwamba Aprili utazibwa kwa mkono wake mwenyewe. Ni mtu wa neno lake.

Turubai hilo nalikuta limekunjwa. Ningelikuta limerushwa ningesema upepo. Limekunjwa pembe kwa pembe, mawe yamepangwa juu yake. Nimelitandika, nimelikuta tena. Sasa nimeliacha.

Na kondoo, Gavin. Unakumbuka jinsi walivyokuwa wakizunguka zizi lile, hata majani yake yawe marefu vipi? Siku hizi wanaingia kwa ule mkato, wanakula humo, wanalala humo wamejikunja kwa raha. Mahali wanapopakimbia sasa ni hapa nyumbani. Uani hawaji tena, nawapelekea chakula kilimani. Moss naye amehama chini ya ngazi, analala ghalani kwenye baridi, nikimwita anakuja hadi kizingiti na kunitazama kwa huruma.

Jana nilipanda nikufungulie chumba, nibadili shuka, kipate hewa. Nilipoushika mlango nilisikia mtu akivuta pumzi, kama unavyovuta unapotaka kuanza kusema. Nilishuka. Nimejiambia ni moyo wangu mwenyewe, kwa furaha ya kukungoja. Nitakisafisha siku nyingine.

Njoo upesi. Sikuwahi kuiogopa nyumba hii na naona haya kuanza uzeeni.

Mamako


Hamilton
28 Desemba 1957

Mama mpenzi,

Shikamoo, na unisamehe. Nimekutumia telegramu leo, nayo itakuwa imekufikia kabla ya karatasi hii. Siji. Netta alishikwa na surua usiku wa kuamkia safari, homa ikampanda hadi akawa hatujui. Meli iliondoka bila mimi, na tangu hapo sikutoka kando ya kitanda chake hata kukuarifu. Ameanza kupata nafuu, daktari anasema hatari imepita, lakini siwezi kumwacha Doreen peke yake.

Najua umenitengea keki. Najua umesimama dirishani. Nitakuja Pasaka, naapa, tutakuja wote. Usikae peke yako siku ya Mwaka Mpya, nenda kwa Jess.

Mwanao


Drumwhirn
5 Januari 1958

Mwanangu Gavin,

Salamu. Sijui niulize hali yako vipi, kwa kuwa uko juu ya kichwa changu sasa hivi, nasikia mbao zinalia unapotembea, na mimi naandika anwani ya Kanada kwenye bahasha. Naona aibu. Lakini nitaandika.

Ulikuja siku ya Mwaka Mpya, mchana. Theluji ilikuwa imefunga njia na hakuna mtu aliyekuwa amevuka kizingiti changu tangu mwaka uingie. Nilisikia mlango ukigongwa, nikafungua, ukawa umesimama pale. Mgeni wa kwanza wa mwaka, mwanamume mwenye nywele nyeusi, kama inavyotakiwa. Nililia. Ulingoja nje, unatabasamu, hukuinua mguu mpaka niliposema, "Ingia, mwanangu, ni kwako."

Baada ya kukukumbatia ndipo nilipoona huna kitu mkononi. Makaa hukuleta, mkate wala chupa hukuleta, na hata mzigo hukuwa nao. Uliniambia mizigo inafuata. Nikasema moyoni, amesahau makaa tena, ni Gavin wangu huyu kabisa.

Umevaa koti la kijivu, Gavin. Zima, vifungo vyote vipo, na uzi wangu mwekundu kwenye kola. Hukuzeeka hata siku moja tangu nilipokuaga bandarini. Ulipanda ngazi moja kwa moja, ukafungua mlango ambao mimi sikuweza kuufungua, ukatazama ndani. Ukasema, "Asante, mama. Umekiacha vizuri. Hakijaguswa."

Unakula kwa mkono. Uma na kisu unavizunguka kama Moss anavyomzunguka nyoka. Jikoni unakaa mbali na jiko la chuma, hata theluji ikigonga dirisha. Hukulalia kitanda chako. Nimechungulia, unalala chini sakafuni kando yake, macho wazi, na kile kishimo cha kwenye mto bado kipo kama ulivyokiacha, wewe au yule mwingine.

Siku ya tatu, njia ilipofunguka, tarishi Dunlop alifika na telegramu. Uliipokea mlangoni kabla yangu, ukairusha motoni kutoka ulipokuwa umesimama. Ulisema ni ya kiwandani.

Nimekaa nikafikiri, na nimefikia mahali nisipopapenda. Walipomkatia mlango alitoka akatafuta kwingine. Mahali palipoachwa bila kuguswa ni pake, ndivyo tulivyoahidi. Na shamba zima hili lilikuwa na sehemu moja tu nyingine ambayo haikufagiwa, haikuingiwa, haikuwekewa mkono wa mtu. Niliitenga mwenyewe. Niliitenga kwa mapenzi, lakini yeye atajuaje tofauti?

Ikiwa ni wewe uliye juu, barua hii itakungoja huko Hamilton na utakapoifungua utacheka mpaka ukohoe. Ikiwa siye wewe, jibu upesi, utume kwa Jess.

Na nikuambie ukweli wote, maana hukulelewa kwa uongo. Nusu yangu haitaki ujibu. Jana alikaa kwenye kiti chako mimi nikifuma soksi, na nilikuwa na furaha.

Mamako


Hamilton
14 Januari 1958

Mama,

Niko hapa. Sijaondoka Kanada. Nimepata barua yako leo na ninaandika nimesimama posta, na Netta mgongoni mwa mama yake, amepona, anavuta kofia yangu. Barua yangu ya Desemba haikukufikia? Nimemtumia Jess telegramu aje akuchukue, na hii pia naituma kwake.

Toka nyumbani, mama. Usifungashe kitu. Usimjibu akikuita, hata akiita kwa sauti yangu.

Nilikuandikia kwamba unauwekea upepo maneno. Nilikosea, na kosa jingine ni kusema wachimbe. Ni mimi niliyesema. Sitaki shamba, mama, wala chumba. Nakutaka wewe.

Mwanao


Kwa Jess Petrie
22 Januari 1958

Mwanangu mpenzi Gavin,

Salamu nyingi kwako, kwa Doreen, kwa Netta aliyetutia hofu. Mimi ni mzima. Niko jikoni kwa Jess, Moss yuko miguuni pangu, amelala ndani ya nyumba kwa mara ya kwanza tangu vuli, anakoroma kama baba yako.

Barua yako ya Desemba ilinifikia. Ilikuja tarehe nane, Dunlop akanipa mkononi nilipokuwa kilimani na kondoo. Niliisoma, nikaikunja, nikaiweka kifuani, nikarudi nyumbani nikampikia chakula cha jioni. Nilijua, Gavin, na nikakaa siku zote zile. Nilimuuliza kama anakumbuka sinia la chai, akasema anakumbuka. Nilimuuliza kama ananipenda, akasema, "Hapa ni pazuri." Nilijiridhisha nalo kwa kuwa lilisemwa kwa kinywa chako.

Jess alikuja na telegramu yako, na siku chache baadaye na barua. Hakuvuka kizingiti. Alisimama nje kwenye theluji akanisomea kwa sauti, na alipofika kwenye neno "Nakutaka wewe," mbao za juu zikaacha kulia. Alikuwa anasikiliza. Nikaona aibu kwamba kuna mtoto wangu mmoja anayelia kwenye posta ya ugenini na mimi nampikia mwingine.

Nilitoa chuma nilichoweza kubeba, sufuria, koleo, kisu cha baba yako. Kitanda chako cha chuma kilinishinda. Sikufunga mlango. Nilizunguka nyumba na aproni imejaa mawe, na kila pembe nilirusha moja juu ya paa nikasema maneno ya wazee kama nilivyofundishwa: hapa ni pako, hatulimi, hatuvuni, hatuingii na chuma. Pembe ya jikoni Jess alinimalizia maneno, yeye anayejiita mtu wa kanisa.

Bwana Carswell alisikia, sijui kwa nani, akaja juzi na koleo lake. Aliziba ule mkato peke yake, udongo ukiwa mgumu kama jiwe, akapanga majani juu kwa mikono. Hakucheka na hakusema anaamini. Aliziba zizi tupu, lakini alikuwa ameahidi, na nilimpelekea chai.

Kwa hiyo usije Drumwhirn Pasaka. Ukija njoo hapa kwa Jess, na usipite njia ya juu. Nyumba uliyozaliwa nimeshaitoa. Kuna vitu vyako humo ambavyo sitavipata tena, kikombe, picha zako za shule, ule mto. Nimelia kwa ajili ya mto kuliko nilivyolia kwa ajili ya shamba.

Tulipofika kwenye geti dirisha la chumba chako lilifunguka. Akaniita. Si kwa sauti ya mtu mzima aliyokuja nayo, aliita kwa ile ya utotoni, ulipokuwa na surua na ukiamka hunikuti kando ya kitanda. "Mama," akasema. Mara moja tu, polepole, na akangoja.

Sikugeuka. Nimekuzaa kwa shida, nimemzika baba yako, nimekuaga kwenye meli nikirudi peke yangu na leso mbichi, na hakuna lililokuwa zito kama kutogeuza shingo pale getini. Mpaka sasa nalisikia neno lile nikipitiwa na usingizi. Ukipata barua hii keti uandike upesi, hata mstari mmoja, na neno la kwanza liwe hilo. Nimeliacha dirishani kwake, nalitaka linirudie likitoka kwako.

Mamako